Vitamini Imejaa Jichoni, na Bado Giza

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha habari za panya waliozalishwa bila jeni moja tu, ile iitwayo RPE65. Macho ya panya hao yalikuwa yameumbika vizuri. Nyuma ya retina, utando wa ndani ya jicho unaonasa mwanga, hata hivyo, vitamini A ilikuwa imerundikana kupita kiasi, imejikusanya kama matone ya mafuta ndani ya seli. Kwa elimu ya karoti tuliyolishwa tangu utotoni, hao wangekuwa mabingwa wa kuona usiku. Kumbe seli zao za kuonea gizani zilikuwa bubu: mwanga unaingia, lakini hakuna kinachojibu.

Napenda kuanzia kwa panya hao kwa sababu wanaondoa dhana moja sugu, kwamba kila anayeshindwa kuona usiku amekosa kitu mwilini na akilishwa vizuri ataona. Ni kweli ukosefu wa vitamini A hupofusha, na watoto wengi duniani wameokolewa na matone ya vitamini hiyo. Lakini kuna watu ambao hata ungewapa vitamini A kwa debe, haitawasaidia. Wanayo tayari, tena ya ziada. Shida ni kwamba imekaa katika umbo lisilofaa, na protini pekee inayoweza kulirekebisha umbo hilo, kimeng'enya (protini ya kuendesha kemia ya mwili) kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya RPE65, haipo au imeharibika.

Ili kuelewa hapo, inabidi tuingie ndani ya jicho kidogo. Nitakwenda taratibu, maana sehemu hii vitabu vingi huipita mbio.

Retina ina aina mbili kuu za seli zinazonasa mwanga. Ziko seli fimbo, zaidi ya milioni 90 katika kila jicho, zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu. Na ziko seli koni, kama milioni 6 hivi, zinazotupa rangi na uoni makini wa mchana. Tubaki na fimbo kwanza. Ndani yake kuna protini iitwayo opsini, na katikati ya opsini imebanwa molekuli ndogo inayotokana na vitamini A, yaani retinali. Wakati wa kusubiri mwanga, retinali huwa imepinda kwenye kaboni yake ya 11. Mfano wake ni mtego wa ndege, ule wa fito iliyokunjwa ikazuiwa na kijiti: ukiguswa tu, fito inafyatuka. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ikiipiga retinali, pindo linafyatuka na molekuli inanyooka. Jambo hilo huchukua femtosekunde 200 hivi. Chukua sekunde moja, igawe vipande bilioni moja, kisha kila kipande kigawe vipande milioni. 200 kati ya hivyo vidogo kabisa ndiyo muda wenyewe.

Opsini ikihisi kwamba retinali imenyooka, nayo inabadilika umbo, na mlolongo wa protini nyingine unaamka kukuza ishara ile mpaka ifike kwenye mishipa ya fahamu. Mlolongo huo nao una vimeng'enya vyake na magonjwa yake, lakini leo si zamu yake.

Karibu kila anayeandika kuhusu macho hukomea kwenye kufyatuka. Ni kweli panavutia: kuna kasi, kuna fotoni, kuna fizikia ya kujivunia. Mimi swali linalonikera ni jingine. Mtego ukishafyatuka, nani anautega tena? Ndani ya sekunde hii unayosoma sentensi hii, molekuli nyingi mno za retinali zimenyooka jichoni mwako. Zikibaki hivyo, baada ya muda hutabaki na mtego hata mmoja uliotegwa. Hutaona. Tena hutaona huku mwanga, opsini na retinali vyote vipo.

Dalili ya kwanza kwamba mtegaji anaishi nje ya retina yenyewe ilipatikana zamani sana. Mwaka 1876 Franz Boll aliona kuwa retina ya chura iliyotolewa gizani ina rangi nyekundu inayofifia ikikutana na mwanga. Wilhelm Kühne, kule Heidelberg, akaidaka habari hiyo na kuifanyia kazi kwa bidii ya ajabu. Alibandua retina kutoka kwenye tabaka jeusi lililo nyuma yake, akaiacha ipauke mwangani, na rangi haikurudi. Alipoilaza tena juu ya tabaka lile, rangi ikarudi. Ukitaka jaribio linalosema mengi kwa vifaa vichache, ni hilo. Retina inajua kutumia rangi, ila haijui kuirudisha. Anayejua ni jirani yake wa nyuma.

Tabaka hilo jeusi, linalofupishwa kwa Kiingereza RPE, ni safu moja tu ya seli. Linanywa mwanga uliopitiliza, linapitisha chakula kutoka kwenye mishipa ya damu, na kila siku linameza ncha zilizochakaa za seli fimbo. Na kumbe ndilo karakana ya kutegea mitego.

Kazi ya kujua ni nini hasa kinachopinda na kunyooka ilimalizwa na kundi la George Wald, aliyegundua vitamini A kwenye retina mwaka 1933 na kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Ruth Hubbard, mkemia mahiri aliyekuwa naye maabara, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuonyesha kwamba umbo lililopinda tu ndilo linaloingia kwenye opsini. Nadhani jina lake lingestahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa.

Sasa safari yenyewe. Retinali iliyonyooka inatoka kwenye opsini, inageuzwa kuwa retinoli, yaani vitamini A yenyewe, inavuka kwenda kwenye tabaka jeusi. Huko kimeng'enya kiitwacho LRAT kinaifunga na asidi ya mafuta, inakuwa esta. Ndipo RPE65 inaposhika zamu. Kimeng'enya hiki, chenye atomu ya chuma katikati yake, kinaikata ile esta na kuipinda molekuli kwa tendo hilohilo moja. Kupinda kunahitaji nishati, kwa kuwa umbo lililopinda lina mkazo kuliko lililonyooka, na nishati hiyo inatoka kwenye kifungo cha esta kinachovunjwa. Kwa hiyo ile hatua ya LRAT, inayoonekana kama kuihifadhi vitamini tu, ndiyo inayoikopesha nguvu hatua inayofuata. Baada ya hapo kimeng'enya kingine kinairudisha kuwa retinali, imepinda, tayari kurudi kwenye opsini.

Kufyatuka ni kwa femtosekunde, kutega ni kwa dakika. Ndiyo maana ukitoka kwenye jua kali ukaingia chumba chenye giza, macho huchukua nusu saa na zaidi kabla ya kuzoea kabisa. Zile dakika ni za kungojea tabaka jeusi lirudishe retinali iliyopinda. Kila binadamu ameonja, kwa muda mfupi, ladha ya maisha bila RPE65 ya kutosha.

Jambo ambalo bado linanishangaza ni historia ya kimeng'enya chenyewe. Protini hii ilielezwa mwaka 1993. Ikapewa jina kwa mahali inapokaa na uzito wake, kilodaltoni 65, kwa sababu hakuna aliyejua kazi yake. Ilikuwa nyingi mno kwenye tabaka jeusi, kiasi kwamba baadhi ya wataalamu walidhani ni ya kubeba esta tu, kwani vimeng'enya kwa kawaida huhitajika kwa kiasi kidogo. Mwaka 1997 ikajulikana kuwa kasoro kwenye jeni yake huwapofusha watoto. Mwaka 1998 wakaja wale panya. Ushahidi ulikuwa ukielekea upande mmoja, na bado ilichukua mpaka mwaka 2005 ndipo maabara tatu, kila moja kivyake, zilipothibitisha kwamba RPE65 ndiyo yenyewe inayopinda. Miaka 12 mshukiwa amesimama katikati ya chumba. Inaonekana sababu mojawapo ni kwamba RPE65 ni mvivu sana kwa viwango vya vimeng'enya. Ndiyo maana tabaka jeusi limejaa protini hii: kazi inafanywa na wingi.

Kwa binadamu, kasoro hii huangukia kwenye kundi la maradhi yaliyoelezwa na daktari Mjerumani Theodor Leber mwaka 1869, upofu wa kuzaliwa unaobeba jina lake hadi leo. Zaidi ya jeni 20 zinajulikana kuuleta, na RPE65 ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa hao. Wengine wenye kasoro ya RPE65 huambiwa wana retinitisi pigmentosa, jina la maradhi ya kurithi yanayoua seli za retina polepole, kwa sababu ugonjwa wao ulichelewa kidogo kujitokeza. Mzazi huona mtoto mchanga hamfuati kwa macho, macho yanachezacheza bila kutulia, au mtoto anakodolea taa kwa namna isiyo ya kawaida. Mchana kwenye mwanga mkali anaweza kuonekana anaona kiasi. Jioni ikiingia, anashika ukuta.

Tena hapa kemia inaacha alama ambayo daktari anaweza kuiona. Jicho la kawaida hukusanya polepole mabaki ya retinali yanayong'aa yakipigwa picha kwa mwanga maalumu. Kwenye jicho lisilo na RPE65 mng'ao huo haupo au ni hafifu mno, kwa sababu hakuna retinali iliyozunguka na kuacha mabaki. Picha nyeusi inasema kwamba mzunguko umesimama.

Urithi wake karibu wakati wote unahitaji nakala mbili zenye kasoro, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe wanaona vizuri. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Nakaa hapa kwa sababu ya jambo la ukoo wetu. Shangazi yangu ana watoto wawili waliozaliwa na macho yasiyoona, na kwa miaka mingi maneno yaliyozunguka chinichini yalikuwa ya upande mmoja: mama alikula nini, mama alilalaje, mama alimkosea nani. Mume wake, mtu mwema kwa mambo mengine, alinyamaza na kuacha maneno yapite. Hesabu ya jeni haina mahali pa kuweka lawama hiyo. Kwa ugonjwa wa namna hii, nusu kamili ya kilichotokea ilitoka kwa mume huyo.

Turudi kwenye tiba, maana ndiko RPE65 ilikojipatia umaarufu.

Kuna aina ya mbwa iitwayo Briard. Mwaka 1989 ugonjwa wa kutoona usiku ulielezwa miongoni mwa mbwa hao kule Sweden, na baadaye ikaonekana kwamba wamepungukiwa herufi nne tu za kikemia katika maandishi ya jeni ya RPE65. Herufi nne zikipotea, usomaji wote wa jeni kuanzia hapo unavurugika. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichukua kirusi kidogo kisichojulikana kuleta ugonjwa kwa binadamu, wakakipakia nakala nzima ya jeni, wakakidunga chini ya retina ya mbwa watatu waliozaliwa vipofu. Mbwa hao wakaanza kukwepa vitu vilivyokuwa upande wa jicho lililotibiwa, huku wakiendelea kujigonga kwa upande mwingine. Mmoja wao, Lancelot, akawa maarufu hadi kupelekwa mbele ya wabunge kule Washington.

Angalia tarehe hizo. Mbwa walirudishiwa uoni mwaka 2001, miaka minne kabla ya yeyote kuthibitisha kwamba protini ile ni kimeng'enya. Waliitibu kwa kuirudisha, bila kujua kwa uhakika inafanya nini. Wapo wanaosema hiyo ni bahati. Mimi naona ni faida ya pekee ya kutibu kwa jeni: unarudisha maelekezo, na seli inajua yenyewe pa kuyapeleka. Isitoshe, ilisaidia kwamba jeni hii ni fupi. Kirusi kile kinabeba herufi 4,700 hivi, na maelekezo ya RPE65 ni kama 1,600. Yanaingia na nafasi inabaki.

Mwezi Aprili 2008 makundi mawili, la London na la Philadelphia, yalichapisha siku moja matokeo ya kwanza kwa binadamu, watu watatu kila kundi. Kundi jingine la Marekani likafuata mwaka huohuo. Jaribio la mwisho lililofungua mlango wa ruhusa liliandikisha watu 31, na kipimo chake kikuu kilikuwa cha kibinadamu kuliko kusoma herufi za kliniki zilizobandikwa ukutani: njia fupi yenye mishale sakafuni, vizingiti na vikwazo, inayopitwa katika viwango saba vya mwanga, kuanzia lux 400 (lux ni kipimo cha mwangaza), kama ofisini, hadi lux 1, ambayo kwa wengi wetu ni giza la kupapasa. Baada ya mwaka mmoja, 13 kati ya 20 waliokuwa katika kundi la tiba waliweza kupita kwenye lux 1. Katika kundi la kulinganisha, hakuna hata mmoja.

Tarehe 19 Desemba 2017 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Luxturna, ya kwanza ya jeni kwa ugonjwa wa kurithi kuruhusiwa nchini humo kwa kudungwa moja kwa moja mwilini. Ulaya ikafuata Novemba 2018. Bei iliyotangazwa Marekani: dola 425,000 kwa jicho. Macho mawili, 850,000. Najua hoja za utetezi: wagonjwa ni wachache, kati ya 1,000 na 2,000 Marekani nzima kwa makadirio ya wakati huo, utafiti ulichukua miongo, dozi ni moja tu. Hoja hizo zote ni za kweli, na bado bei hiyo inamaanisha kwamba kwa sehemu kubwa ya dunia dawa hii ni habari ya kusoma tu.

Kuna jambo jingine ambalo vichwa vya habari vililipita haraka. Kurudisha kemia na kuokoa seli ni kazi mbili tofauti. Opsini isiyo na retinali haitulii. Huvujisha ishara kidogokidogo hata gizani, na seli inayoishi hivyo miaka mingi huchoka na kufa. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba kwa baadhi ya waliotibiwa, uoni ulipanda ghafla huku seli zao zikiendelea kupungua kwa mwendo uleule wa zamani. Mwaka 2015 ripoti mbili zikaonyesha uoni wa baadhi ya washiriki wa majaribio mengine ya mwanzo ukififia baada ya miaka michache, ingawa washiriki wa dawa iliyokuja kuidhinishwa wameonyesha manufaa yaliyodumu zaidi. Na miaka ya karibuni madaktari wameripoti maeneo ya retina yanayosinyaa kwa baadhi ya wagonjwa baada ya sindano. Kwa hiyo dawa imetega upya mitego iliyokuwepo. Mitego iliyokwisha kuoza haikufufuka. Ndiyo maana masharti ya dawa yanataka mgonjwa awe na seli hai za kutosha kwenye retina, na ndiyo maana watoto kwa ujumla wamepata faida kubwa kuliko watu wazima.

Kwa mantiki hiyohiyo, umri wa kupimwa unakuwa jambo zito. Kipimo cha umeme wa retina kinaweza kusema retina haijibu, lakini hakiwezi kutaja jeni. Kinachotaja jeni ni damu au mate na mashine ya kusoma vinasaba. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi, maana watoto wawili wenye jina moja la ugonjwa wanaweza kuwa na hatima mbili.

Hilo tumelishuhudia nyumbani. Watoto wa shangazi walipimwa jeni wakiwa tayari watu wazima, na jibu halikuwa RPE65. Ni CEP290, jeni inayoongoza protini ya shina la seli za kunasa mwanga, na maelekezo yake yana herufi zaidi ya 7,000. Hayaingii kwenye kirusi kile hata ukiyasukuma. Kwa badiliko moja la kawaida la CEP290, watafiti wamejaribu njia ya kuikata na kuirekebisha jeni palepale ilipo. Matokeo ya watu 14 yalichapishwa mwaka 2024, na 11 kati yao walipata nafuu katika angalau kipimo kimoja, ingawa kampuni iliyoanzisha jaribio ilikuwa imeshalisimamisha ikitafuta mshirika. Mdogo kati ya hao wawili alinisikiliza nikimsomea hayo yote, kisha akauliza kama badiliko lake ni hilo la kawaida au ni jingine. Ripoti yake inataja mabadiliko mawili, moja kwa kila nakala. La kwanza ndilo lenyewe. La pili ni tofauti. Kwa kuwa nakala moja nzima ingetosha, hajafungiwa mlango. Ameomba daktari ampige picha ya retina ajue ni seli ngapi za katikati zimebaki.